Wanalilia jiwe ambalo hawajawahi kulikalia (barua kwa mwanangu)

Mama, mwangaluka.

Meseji yako niliiona tangu Jumanne ila unajua mimi na hii simu, naandika kwa kidole kimoja afu nikigusa vibaya inafuta yote, kwaiyo leo nimekaa hapa chini ya mwembe niiandike taratibu kama barua kabisa, ukiona nimerefusha ujue ni uzee, na umeme haupo tangu saa nne.

Naanza kwa kurudia ulichoniuliza nisije nikajibu kingine. Ofisini kwenu huko Dodoma mliambiwa kila mtu aandike ukurasa mmoja wa kule alikokulia, msomeane siku ya kumuaga mkuu wenu anayestaafu. We ukaandika ile siku yetu ya Igombe, huku kwetu Mwanza ukingoni mwa Ziwa Victoria, jiwe, furu (vile visamaki vidogo) kwenye kopo, baba anapiga mluzi. Ukasoma, ulipoinua macho yule mhasibu wa Singida, mtu mzima na kitambi chake, anafuta machozi, na dada wa mapokezi naye hivohivo, na wote wawili Mwanza hawajawahi kufika hata kwa kupita. Ndo ukaniuliza, "Baba hawa wanalilia nini, jiwe ambalo hawajawahi kulikalia? Na hivi kweli ilikuwa hivo au nimeyapamba mwenyewe?"

Yani hapo umeuliza mawili. La pili ndo lenye kazi, acha nianze na la kwanza.

Huyo mhasibu hakulilia jiwe lako bhana, kalilia la kwao. Singida we huwa unapita usiku kwenye basi umelala, kule nako mawe yapo mjini kabisa kama huku kwetu, na ziwa wanalo, Singidani, na Kindai. Sasa uliposoma ule mstari wa "tumbo linaungua na jiwe huku mgongoni maji ya baridi bado yanachuruzika", we ulidhani unamwambia habari ya Igombe, mwenzio keshaondoka zamani, yuko kwao ana miaka nane kalala kifudifudi, kaptula kaianika pembeni ikauke mama yake asijue kama alienda kuogelea. Ungeandika kama tulivyofundishwa insha, "ziwa letu lina mandhari ya kuvutia na upepo mwanana", wangekupigia makofi wakaenda kuchukua soda. Mandhari ya kuvutia kila mtu anayo, haimgusi mtu. Ila tumbo kuungua na jiwe, hilo mtu hawezi kulijua kama hajalala pale, na aliyelala anajua hukudanganya, akishakuamini kwenye hicho kidogo basi mlango umefunguka anapita na vya kwake vyote.

Halafu angalia na lugha yetu. Mtu akikaa mwezi hajaonekana tunamwambia nimekukumbuka. Neno moja linabeba yote mawili, kwamba sijakusahau na kwamba unaniuma. Nyie saivi mnasema nimekumiss, sawa, ila mi naona mmelipunguza. Mdogo wako (tangu aingie Bugando kusomea udaktari hatuli ugali bila somo) anasema Wazungu waliwahi kuhesabu kukumbuka nyumbani ni ugonjwa kabisa, daktari mmoja wa Uswisi anaitwa Johannes Hofer mwaka 1688 akauandikia na kuupa jina, vijana walioko mbali na kwao wanakonda, hawali, na dawa aliyoiamini ikawa kuwarudisha nyumbani. Nikamwambia sisi huku tungejaza wodi, nusu ya Kirumba ni watu wa Ukerewe na Ukara na Musoma.

Na ndo yeye alinieleza habari ya harufu, maana kwenye karatasi yako mi kilichonipiga cha kwanza ni pale ulipotaja dagaa walioanikwa kwenye mchanga na udongo uliolowana. Anasema harufu ina njia yake ya mkato, vingine tunavyoona na kusikia vinapita kwanza kwenye kituo fulani cha ubongo ndo vinagawiwa, harufu yenyewe inaingia karibu moja kwa moja pale panapotunza kumbukumbu na hofu na furaha, ndo maana unakuwa umeshaanza kulia hata hujajua ni nini. Na ile harufu ya mvua ya kwanza, sio maji yale, kuna kitu kinaitwa jiosmini kinatengenezwa na bakteria wa kwenye udongo, tone likigonga ardhi kavu kinaruka hewani na pua ya binadamu inakidaka hata kikiwa kidogo mno. Sasa sikia hii, hichohicho ndo kinachofanya kambare anuke tope! Ndo maana bibi yako alikuwa hampiki kambare bila kumlaza kwenye limao. Miaka yote ile tunasugua limao kumbe tunapigana na harufu ya mvua.

Haya. Ila mimi kilichonitoa chozi, na nasema kwa kuwa hunioni, sio mluzi wangu, ni furu.

Mi nimezaliwa 1957, na ile mvua kubwa ya mwaka wa uhuru iliyopandisha ziwa mpaka babu yako akahamisha nyumba nilikuwa mdogo, nakumbuka tu nimebebwa mgongoni na kuku wako kwenye tenga. Utoto wangu wote ni furu. Furu alikuwa hahesabiwi kama samaki, mgeni akija ukamwekea furu ni dharau, mgeni anawekewa sato au ningu, furu ni wa watoto na paka. Pini unaikunja, nyungunyungu unamchimba pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, dakika kumi kopo limejaa. Na rangi zao sasa, dume mmoja mwekundu ubavuni, mwingine bluu, mwingine njano kama ndizi iliyoiva, ukimtoa majini anafifia mkononi mwako unamwona hivi hivi, mpaka unafika nyumbani wote kijivu mama anakuuliza hao wekundu uliokuwa unasema wako wapi. Siku moja nilishika jike mdomo umemvimba, nikamminya, vikamwagika vitoto kiganjani kama ufuta wenye macho. Nikatupa kopo nikakimbia. Babu yako akanirudisha palepale majini kwa kofi moja, akaniambia huyo mama anakaa na wanae mdomoni hali kitu ili wasiliwe, we unamminya kama jipu. Sijawahi kuminya tena, na mpaka leo nikisikia mtu anasema samaki hana akili nanyamaza tu.

Afu akaja sangara. Alipandikizwa upande wa Uganda kuanzia miaka ya 50, sisi huku tulikuja kumwona kwa fujo miaka ya 80, samaki mmoja vijana wawili wamembeba kwenye mti. Kulikuwa na Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuja mwishoni mwa miaka ya 70 kusoma furu wa ghuba yetu hii, sisi tunawacheka, mtu katoka Ulaya kuja kuhesabu chakula cha paka! Maskini kumbe walikuwa wanahesabu vitu vinaondoka. Ziwa zima furu walikuwa aina zaidi ya 500, na inakadiriwa kama 200 hivi hawakuonekana tena. Sio sangara peke yake, maji nayo yalichafuka yakawa mazito, jike anachagua dume kwa rangi, sasa kama rangi haionekani anachaguaje, wakachanganyikana.

Na unajua nani alilia? Hakuna. Tulifurahi! Sangara analipa, viwanda vya minofu vinafunguliwa, kaka yangu alipata sangara wa maana msimu mmoja na ng'ombe wawili kwenye mahari ya mama yako walitoka hapo, kwaiyo hata wewe kwa hesabu ya haraka umetokana na sangara. Sasa mimi nimlaumu nani. Ila nikikaa hapa najiuliza yule wa ubavu mwekundu niliyemla mwisho ilikuwa lini, sijui, labda kichwa nilimtupia paka nikaendelea kuongea mambo ya mpira.

Kwaiyo ule mstari wako wa furu kwenye kopo mwaka 96 ulinishtua, nikasema huyu kaotea wapi, furu wameisha. Baadae nikakumbuka, kwenye mawe walibaki. Wale wa kwenye mawe walipona zaidi kwa sababu sangara na lile domo lake haingii kwenye nyufa. Uko sahihi. Mijusi nayo uko sahihi, wale wa kichwa na kifua chekundu kama cha pinki na mwili wa bluu, wanapiga pushapu juu ya jiwe kama askari. Mdogo wako anasema jina lao la kitaalamu limebeba Mwanza, Agama mwanzae. Pimbi pia walikuwepo. Hayo hukupamba.

Sasa uliyoyapamba, au tuseme uliyoyachanganya.

Umeandika mvua ilinyesha jioni tukajikinga chini ya mwamba. Hapana mama, ile ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mwezi wa sita huku ni vumbi na upepo, mvua hiyo umeitoa siku nyingine. Umeandika tukirudi tukaona mbalamwezi na taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani kama mji unaelea. Hivo viwili havikai pamoja, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanalala, dagaa hafuati taa kukiwa na mwanga, kazi ni giza. Uliona karabai siku moja na mwezi siku nyingine ukaviweka usiku mmoja, na kusema kweli vimependeza, usivitoe. Karabai zenyewe saivi hamna, wanatumia taa za sola, nyeupe kali, hazina ule mlio wa vvvvv uliokuwa unakuja na upepo mpaka ufukweni.

Usiseme umedanganya. Kumbukumbu sio picha kwamba unaitoa kabatini ilivyo. We umewaona pale Kayenze wanavyoshona nyavu, kila ukitoka majini umechanika mahali unatia kiraka, uzi huu mweupe, huu wa kijani, huu umeomba kwa jirani, baada ya miaka 10 sijui kama kuna uzi wa kwanza hata mmoja, lakini mwenyewe anaujua ni wavu wake na unavua.

Ila kuna mambo mawili matatu hukuyaandika kwa sababu hukuyajua, na umeniuliza kama kweli ilikuwa hivo, nami nimefikisha umri ambao sina haja ya kuficha.

Umeandika "baba aliniweka mkono begani siku nzima, sijawahi kujisikia salama kama siku ile." Mama, Mv Bukoba ilikuwa imezama tarehe 21 mwezi wa tano. Hapo ilikuwa haijafika hata mwezi na nusu. Mamia ya watu, mji mzima una matanga, mtaani kwetu peke yake nyumba tatu, sisi nyumbani samaki tulikuwa hatumgusi. Mi niliyekulia kwenye maji hayo nilikuwa nayaogopa kwa mara ya kwanza maishani. Haukuwa mkono begani tu, nilikuwa nimekushika gauni kwa nyuma, nimelizungusha kwenye vidole mara mbili. Ulipoinama kutia kopo majini moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka masikioni.

Umeandika "baba aliandaa chakula cha kwenda kula kwenye jiwe." Kile kilikuwa chakula cha kazini, viazi na maharage, mama yako alinifungia akijua naenda zamu ya mchana. Kiwandani tulikuwa tumepewa barua Ijumaa yake, tumepunguzwa, majina yamebandikwa getini kama matokeo ya darasa la saba. Nilishindwa kumwambia. Jumatatu nikavaa kama mtu wa kazini, nikamwambia nampeleka mtoto kwa bibi yake Igombe kisha naunganisha kazini, tukapanda Hiace mpaka mwisho wa gari, na kwa bibi yako hatukufika, maana yule angeniangalia usoni mara moja tu angejua. Ndo tukaenda kwenye jiwe tukakaa mpaka zamu iishe.

Ule mluzi unaousifia ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu za kodi na unga.

Na tukirudi nilikwambia useme tulikuwa kwa bibi, nawe ukasema, tena bila kupepesa, ukaongeza na kwamba bibi kapika mlenda. Hilo hukuliandika, na sidhani kama ulilificha, nadhani halikukaa. Kilichokaa ni jiwe. Sasa mi nimelifikiria hili wiki nzima. Siku mbaya kuliko zote kwangu wewe ndo imekuwa ya kuwasomea watu mpaka wanalia, na zote mbili ni siku moja, jiwe moja, sufuria moja ya viazi. Kama nisingepunguzwa kazi ungenipata wapi Jumatatu mchana? Miaka ile mi nilikuwa natoka umelala narudi umelala.

Usije ukaenda kuongeza hayo kwenye karatasi ukawaharibia watu. Au ongeza, sijui, we ndo mwandishi. Ninachokuomba usiwe kama hawa wanaosema zamani kulikuwa kuzuri, watoto wa siku hizi hawana utoto. Zamani nimekula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mwaka wa njaa mpaka nikauchukia. Maji hayohayo ya ziwa yalinipa kichocho cha tumbo, na wewe pia, umesahau ule mstari shuleni wa kunywa vidonge vichungu vikubwa mnapimwa urefu kwa fimbo? Konokono anayekileta alikuwa palepale ulipokuwa unachovya kopo. Na mjukuu wangu huko Dodoma hana ziwa lakini atakuja kulilia vumbi na zabibu, mwache.

Jiwe lipo, nilienda mwezi uliopita kwa ajili yako, mguu unauma lakini nilienda. Mwaka 2020 maji yalipopanda lile la chini ulilokuwa unakaa lilizama kabisa, nikajua basi, yakarudi, likatoka limevaa ukoga wa kijani. Lile kubwa la nyuma ndo nusu yake haipo. Wamelichoma na matairi likapasuka, kina mama wamegonga kokoto, watakuwa wameshauza, iko kwenye sakafu ya mtu saivi. Niliumia kidogo, afu nikamwona mmoja wao kamlaza mtoto kwenye kivuli cha ile nusu iliyobaki, mtoto kashika mjusi mkia, mjusi hana habari. Sikusema kitu, nikanunua kokoto ndoo mbili za kuwekea pale bombani panapotuama maji. Kwaiyo ukija utalikanyaga.

Mkija mwezi wa 12 mlete huyo kijana, pini nimeshatenga, ila majini haingii, anavua kwa juu na mimi nimemshika shati.

Nilikuwa nataka niishie hapo juu ila mama yako katoka ndani akaniuliza naandika nini muda wote huo, nikaona nimsomee, nikasoma yote, sikuruka. Kumbe nilisahau kwamba ile barua ya kiwandani nilikuja kumwonyesha wiki mbili baadae, nikamwambia nimepewa juzi. Amesikiliza mpaka mwisho, hajasema neno, kaingia jikoni. Nasikia masufuria yanagongana.